Samaki wa Sebuleni, Samaki wa Mezani

Leo tunazungumza juu ya samaki. Najua mtu atasema: Kindu tuna mto mlangoni, samaki tunamjua tangu utoto, kuna nini tena cha kufundishwa? Ngoja kidogo, ndugu yangu. Nataka tumtazame samaki mahali pawili ambapo wengi wetu hatumpi heshima yake. Kwanza, samaki aliye hai ndani ya tangi la kioo sebuleni. Pili, samaki aliyeiva ndani ya sahani, kwenye nganda, yaani baa, kwenye restora, kwa mama malewa anayeuza chakula kilichopikwa. Yote mawili tunayaita starehe. La kwanza tunasema ni michezo ya Wazungu. La pili tunasema ni kula pesa ya watoto. Mimi nasema hivi, na nitarudia ili anayefungua redio sasa asipotee njia: ufugaji wa samaki katika Maniema utasimama siku ile tangi la kioo litakapokuwa shule yake na sahani ya nganda itakapokuwa soko lake. Shule na soko. Shikeni maneno hayo mawili, tutayafuata hadi mwisho.

Tuanze na shule. Ukiingia duka la samaki wa mapambo huko Berlin, Prague au Chicago, utawakuta jamaa zetu. Utamkuta tetra wa Kongo, samaki mdogo mwenye magamba yanayobadili rangi kila anapogeuka kwenye mwanga, ambaye mtaalamu Boulenger alimwandika katika vitabu vya sayansi mwaka 1899. Utamkuta mwenye ndevu mmoja mdogo anayeogelea chali, tumbo juu na mgongo chini, na asiyedhani hata kidogo kwamba amekosea. Utamkuta yule mwenye mdomo uliorefuka kwenda chini, ambaye hutafuta chakula gizani kwa umeme hafifu unaotoka mwilini mwake. Hao wote ni watoto wa bonde la Kongo. Halafu wapo wa Ziwa Tanganyika, ambao nao si wageni kwetu kama tunavyodhani, kwa kuwa maji ya ziwa lile hutoka pale Kalemie kwa Mto Lukuga, yakaingia Lualaba upande wa Kabalo, yakapita Kongolo, yakapita Nyangwe, yakafika hapa Kindu ambapo sisi tunafua nguo na kuoga. Ziwa lile lina zaidi ya aina mia mbili za samaki wa ukoo wa tilapia, na karibu wote hawapatikani mahali pengine duniani.

Walifikaje Ulaya? Jina moja linatajwa zaidi, nalo ni la Mbelgiji Pierre Brichard. Alianza kuvua samaki wa mapambo upande wa Léopoldville, kwenye maporomoko ya mto, kisha akahamia Burundi, na tangu mwaka 1971 akawa anapakia samaki wa Tanganyika kwenye ndege kuwapeleka kwa wapenzi wa samaki. Mwaka 1974 mtaalamu Max Poll alimpa samaki mmoja wa ziwa hilo jina la Brichard. Ni vizuri kumjua samaki huyo, maana nyumba yake inafanana na nyumba nyingi za mtaani kwetu: watoto wakubwa hawaondoki haraka, hubaki kwa wazazi, wakafukuza maadui na kulinda wadogo zao. Wengine wa ziwa lile hutaga ndani ya makombe matupu ya konokono. Wengine, wale wanaoitwa Trofeusi, mama hubeba mayai machache mdomoni, kumi hivi, akayatunza kwa muda wa mwezi mmoja. Na yupo mjanja mmoja mwenye ndevu, mwenye madoadoa, ambaye huchanganya mayai yake na ya mwenzake wakati wa kutaga. Mama yule mwingine akayachukua mdomoni bila kujua, akalea watoto ambao watakula wanawe. Mambo haya wataalamu waliyachunguza kwa vyombo vyao, lakini sehemu kubwa ilionwa na watu wa kawaida, fundi wa reli, mwalimu, karani wa posta, waliokaa jioni mbele ya kioo na kuandika walichokiona.

Sasa swali: hayo yanatusaidia nini sisi ambao tunataka samaki wa kuweka juu ya wali? Yanatusaidia sana, na hapa naomba mtege sikio. Wengi wa samaki hao wa Tanganyika leo wanazalishwa nyumbani mwa watu huko huko Ulaya. Wa kizazi cha sasa hawajawahi kuliona ziwa. Kwa nini? Kwa sababu watu walijua wanavyozaa. Na yule mwenye mdomo mrefu? Huyo hajazoea kuzaa kwenye tangi la mtu, na kwa hiyo wengi wanaouzwa madukani bado hutolewa mtoni. Tazameni tofauti hiyo. Samaki ambaye watu wamejua uzazi wake huacha kuwa mzigo kwa mto. Samaki ambaye uzazi wake hawaujui, wataendelea kumchota mpaka apungue. Sheria hiyo haibagui kati ya samaki wa kutazama na samaki wa kula. Kioo kimoja kinafundisha yote mawili, na tilapia wetu ni wa ukoo uleule na wale wa Tanganyika.

Twende kwenye historia yetu wenyewe, maana ndiyo ushahidi wangu mkubwa. Wabelgiji walikuwa na kituo cha uchunguzi wa samaki pale Kipopo, karibu na Élisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi, na mwaka 1949 wao na Waingereza walikutana katika mji huo kuzungumzia ufugaji wa samaki. Kazi ikaendeshwa kwa nguvu. Kabla ya uhuru, Kongo nzima ilihesabiwa kuwa na mabwawa ya samaki zaidi ya laki moja. Laki moja, wasikilizaji! Yako wapi? Mengi yaligeuka matope na majani katika miaka iliyofuata. Tunapenda kusema ni vita, ni fujo za uhuru, ni wataalamu walioondoka. Ni kweli, hayo yalichangia. Lakini mabwawa mengi yalichimbwa kwa msukumo wa utawala, na mtu anayechimba kwa sababu ameambiwa achimbe hujifunza kuchimba tu. Na ndani ya maji kulikuwa na tatizo ambalo jembe haliwezi kulitatua: tilapia huzaa mapema mno. Akiwa na miezi michache tu, bado mdogo wa kiganja, anaanza kutaga. Mama hubeba mayai mdomoni, yakaanguliwa humo, akaendelea kulea vifaranga kwa siku kadhaa, akawatema, akaanza tena. Baada ya muda bwawa linajaa samaki wengi wadogo wanaogombania chakula kilekile, hakuna anayekua. Siku ya kuvua, mwenye bwawa anatoa ndoo ya samaki wa ukubwa wa kidole na kusema: mradi huu ni uongo.

Mtu atasema hayo ni ya zamani. Basi tutazame Kenya. Mwaka 2009 serikali ya huko ilianzisha mpango wa kufufua uchumi, na ndani yake ikachimbisha mabwawa ya samaki, mia mbili katika kila jimbo la uchaguzi kati ya majimbo 140 yaliyochaguliwa. Nia ilikuwa nzuri na pesa ilikuwapo. Wakenya walihimizwa hata kula samaki zaidi. Lakini vifaranga bora na chakula cha samaki vilipokuwa adimu, na soko la karibu lisipoonekana, mabwawa mengi yakaachwa. Miaka hamsini imepita kati ya Kongo ya Wabelgiji na Kenya ya 2009, pesa ni tofauti, bendera ni tofauti, na kilichopungua ni kilekile: mchimbaji hakujua samaki anaishi vipi, wala hakujua nani atamla siku ya kuvua. Narudia: hakukuwa na shule ya karibu, hakukuwa na soko la karibu. Semina ya siku mbili si shule. Mtu hujifunza samaki kwa kumwona kila siku, na ndani ya bwawa la Maniema, lenye maji ya rangi ya chai, huoni kitu.

Ndiyo maana nasema tangi la kioo. Na kama huna kioo, bidoni ya manjano iliyokatwa juu, au ndoo nyeupe inayopitisha mwanga, itaanza kazi. Weka tilapia wadogo wachache, mchanga uliooshwa vizuri, jiwe moja au mawili, jani la majini. Maji ya bomba ya REGIDESO yaache wazi usiku kucha kwanza, klorini itoke. Kisha tazama. Mtoto wa miaka kumi atakuonyesha mambo ambayo mchimbaji wa bwawa hakuyaona miaka mitano. Ataona dume likisafisha duara kwenye mchanga na kuwafukuza wenzake. Ataona jike lililoacha kula, shavu limevimba, na atauliza lina ugonjwa gani. Hapo ndipo utamwambia kwamba mdomo umejaa watoto. Ukitupa chakula kingi, kesho maji yatanuka na samaki watapanda juu kuhema, na utaelewa kwa nini bwawa lililojazwa pumba ovyo huua samaki alfajiri. Usiku majani na vijidudu vya majini hutumia hewa ileile ya samaki, na karibu na kucha ndipo hewa inapokuwa chache zaidi. Ukibadilisha maji yote kwa mara moja utapoteza samaki. Ukibadilisha theluthi kila wiki wataishi. Na kwa kuwashika mkononi samaki wadogo hao utazoea kutenganisha dume na jike kwa kutazama chini ya tumbo, kazi ambayo ndiyo dawa ya bwawa linalojaa vitoto: weka madume peke yao, hakuna kuzaa, wote wanakua.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza linapokuja, na ni la haki. Msikilizaji anasema: akwaria inataka umeme, inataka mashine ya kupuliza hewa, inataka kipasha joto, na sisi umeme wetu ni wa kubahatisha. Ndugu, kipasha joto ni cha nini? Ni cha kumdanganya samaki wa Kongo aliye Berlin mwezi wa Januari kwamba yuko Kongo. Yule Mjerumani analipa kila mwezi bili ya umeme ili kupata joto ambalo wewe unalo bure chini ya mwembe. Hewa nayo, ukipunguza idadi ya samaki na kuacha uso wa maji uwe mpana, itatosha. Tangi jembamba lenye kina kirefu ndilo linalohitaji mashine; karai pana halihitaji. Kusema kweli, kama kuna watu duniani wanaoweza kuzalisha samaki wa Kongo kwa gharama ndogo, ni sisi tunaoishi kwenye maji yao, chini ya mvua yao.

Na mvua yenyewe ni mwalimu. Mtafiti Mjerumani Frank Kirschbaum alitaka kuzalisha samaki wa umeme, ndugu wadogo wa yule mwenye mdomo mrefu. Wengine walikuwa wameshindwa. Yeye akaiga masika: akapunguza chumvichumvi ndani ya maji kidogo kidogo, akapandisha kiwango, akanyunyizia maji kutoka juu kama mvua. Samaki wakataga. Mvuvi yeyote wa Kigenya hapa mtoni angeweza kumwambia jambo hilo kabla ya maabara, kwa sababu anajua samaki gani hupanda kwenye mabonde mto unapofurika na kwa nini. Kambale wetu ni vivyo hivyo. Katika bwawa tulivu hakai akataga ovyo kama tilapia, anangoja mafuriko, na wafugaji wanaotaka vifaranga vyake humchoma jike sindano ya homoni. Kwa hiyo mtu asianze na kambale kwa sababu tu anapendwa na wateja. Aanze na yule anayeweza kumzalisha mwenyewe. Kambale wachache watakuja baadaye, na watakuwa na faida nyingine: hula vitoto vya tilapia vilivyozidi.

Tumalize upande wa shule, tuingie sokoni. Wapendwa wasikilizaji, kama umefungua redio sasa, tunazungumza juu ya samaki wa nyumbani na samaki wa mezani, na nilisema kwamba wawili hao ni jambo moja. Sasa sahani. Nani anakula nje hapa Kindu? Tunasema ni tajiri. Si kweli. Tajiri ana mpishi nyumbani. Anayekula nje ni kijana wa tukutuku aliyetoka alfajiri, ni mwanafunzi wa chuo kikuu anayeishi mbali na kwao, ni mpakiaji wa bandarini, ni karani, ni abiria anayengoja treni ambayo haisemi itafika lini. Hao ndio wateja wa mama malewa. Na wanapewa nini? Mara nyingi Tomsoni, samaki wa barafu aliyevuliwa katika bahari ya mbali, akasafiri maelfu ya kilomita, akaingia katika jimbo lenye mojawapo ya mito mikubwa kuliko yote duniani. Au makayabu yenye chumvi. Simlaumu mama. Mama anataka kitu ambacho mto hauwezi kumwahidi: samaki wa ukubwa uleule, kwa bei ileile, Jumatatu na pia Alhamisi. Mto una siku zake. Leo mvuvi analeta kapitene mkubwa ambaye bei yake inamshinda, kesho analeta vidagaa, keshokutwa mto umejaa na hakuna kitu. Katoni ya Tomsoni inamwambia mapema samaki ni wangapi na faida ni kiasi gani.

Bwawa, kwa upande wake, linaweza kuahidi. Tilapia aliyelishwa vizuri kwa miezi sita hufika ukubwa wa sahani moja, mtu mmoja, samaki mzima na kichwa chake. Ukiwa na vidimbwi vitatu ulivyopanda kwa zamu, kila baada ya miezi miwili una kidimbwi kilichoiva, ukivue kidogo kidogo. Ndiyo maana nasema mteja wa nganda ndiye mfadhili ambaye miradi mingi ilimsahau. Watu wa Kisumu walionyesha jambo hilo kwa vibanda vyao vya kando ya ziwa: tilapia mzima aliyekaangwa, ugali pembeni, mboga, unakula kwa mkono huku unatazama maji, na watu husafiri kwa ajili hiyo tu. Sisi tuna wali wa Maniema, ambao hauhitaji kusifiwa na mtu, tuna mawese, tuna sombe, tuna pilipili, tuna majani ya kufungia samaki juu ya makaa. Kinachokosekana ni samaki wa kuaminika. Mama malewa watatu wakikubaliana na mfugaji mmoja kwamba kila Ijumaa watachukua samaki kadhaa, mfugaji huyo hana haja ya gari la barafu wala ya kungoja mnunuzi. Anavua asubuhi, saa sita samaki ameiva. Na pumba za mpunga kutoka mashine za kukoboa, ambazo tunazo tele, na mashudu ya mawese, vinarudi kuwa chakula cha samaki.

Sasa tusikilize wanaopinga, maana sauti zao nazijua. Wa kwanza anasema: kula nje ni anasa, na tena nganda ni mahali pa pombe, mimi siwezi kumpeleka mke wangu na watoto. Nakubali nusu. Maniema ni jimbo lenye Waislamu wengi kuliko majimbo mengine ya nchi hii, na wapo Wakristo wengi pia wasiotaka chupa mezani. Hiyo ni hoja ya kufungua restora isiyo na pombe, haimzuii samaki. Ama anasa, tufanye hesabu ya kichwani. Franka uliyotoa kwa Tomsoni, sehemu yake kubwa huondoka Kindu jioni hiyohiyo kumfuata mwenye katoni. Franka uliyotoa kwa tilapia wa bwawani hubaki: kwa mama, kwa mfugaji, kwa mwenye mashine ya mpunga, kwa kijana aliyechimba. Mlo mmoja kwa mwezi pamoja na jamaa yako, ambamo unauliza samaki ametoka wapi, una kazi kubwa kuliko hotuba yangu hii.

Wa pili anasema: mto ni mkubwa, samaki hawaishi. Ninamwomba aulize wavuvi wenyewe juu ya nyavu za mbu zinazoburutwa pwani na kuzoa hata vitoto vya juzi. Pale Tanganyika, ziwa ambalo hakuna aliyefikiri litachoka, nchi nne zinazolizunguka zilikubaliana kulipumzisha, na mwaka 2024 Tanzania ikafunga uvuvi kwa miezi mitatu, tangu katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Watu waliteseka, mikopo ya nyavu haikungoja. Mahali penye mabwawa mengi, mapumziko ya namna hiyo huuma kidogo zaidi ya kuumwa na siafu. Mahali pasipo na bwawa, ni njaa. Na sisemi tuache kapitene au mbenga wa mtoni. Hao wabaki wa sikukuu, waliwe wakubwa, waliokwisha kuzaa. Wa kila siku atoke kwenye bwawa.

Wa tatu ana pua kali. Anasema samaki wa bwawa ananuka udongo. Kweli, wengine hunuka, na harufu hiyo hutoka kwa vijidudu vya maji vinavyoingia katika nyama. Dawa yake ni siku chache ndani ya maji safi yanayotembea, bila chakula, kabla ya kumuuza. Mfugaji anayeruka hatua hiyo anaharibu jina la wenzake wote, na mteja ana haki ya kurudisha sahani. Rudisha kwa adabu, lakini rudisha.

Wa nne, mama mwenye watoto wadogo, anauliza juu ya mbu: mkichimba madimbwi kila mahali si mtatuletea malaria? Swali zuri kuliko yote. Katika wilaya ya Kisii, magharibi ya Kenya, watafiti walitia tilapia, samaki wa kula kabisa, ndani ya mabwawa yaliyoachwa, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba viluwiluwi vya mbu wa malaria vilipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Kwa hiyo bwawa lenye samaki na kingo zilizofyekwa humeza mbu. Bwawa lililoachwa ndilo linalowalea. Hata tangi lako la sebuleni litakuonyesha: mwaga viluwiluwi kutoka kwenye pipa la mvua, uone kama vitamaliza dakika.

Wa tano hasemi kwa sauti, lakini ndiye mwenye nguvu kuliko wote. Anasema moyoni: siku ya kuvua, ndugu watakuja. Mjomba, shemeji, jirani, mtoto wa kaka, kila mtu na sahani yake. Mmarekani Mike Tidwell, aliyefundisha ufugaji wa samaki Kalambayi katika Kasai miaka ya 1980, aliandika kitabu kuhusu mabwawa ya huko, nacho kilitoka mwaka 1990. Alikasirika kuona wafugaji wakigawa sehemu kubwa ya mavuno kwa jamaa. Baadaye akaanza kuona kwamba kugawana kule ndiko kulikowashikilia wote wakati wa shida. Mimi sitawaambia mwanyime shangazi zenu. Nasema tu kwamba mavuno makubwa ya siku moja huita umati, na mavuno madogo ya kila Ijumaa, yaliyokwisha kuahidiwa kwa mama malewa, hayaiti mtu. Mpe shangazi samaki wawili kila mwezi. Atakushukuru zaidi kuliko yule aliyepewa ndoo mara moja kwa mwaka akaipoteza kwa joto.

Kabla muda wetu haujaisha, kuna onyo moja, na hili halina mjadala. Samaki wa kigeni aliyeuzwa kwako kwa ajili ya tangi, awe mwekundu, awe wa madoa, ukimchoka usimtupe Lualaba wala kijito chochote. Gugu maji lililofunika sehemu za mto huu lililetwa Afrika kwa ajili ya maua yake mazuri, asili yake ni Amerika ya Kusini, na katika miaka ya 1950 lilikuwa tayari ndani ya Mto Kongo likizuia mitumbwi. Wale samaki wadogo wa Amerika waliosambazwa duniani ili kula mbu nao waliwadhuru samaki wenyeji mahali pengi. Kama huwezi kumtunza, mpe jirani. Kama hakuna wa kumpokea, muue na umzike shambani, atakuwa mbolea. Kwa tangi la kuanzia, chukueni samaki wa vijito vyetu wenyewe, wako wengi na wazuri, na wengine hakuna aliyekwisha kuandika wanavyozaa.

Wiki ijayo, saa hii hii, tutazungumza juu ya chakula cha samaki: pumba, mashudu, majani ya muhogo na mchwa, na kiasi gani cha kila kimoja. Wenye matangi tayari, hesabuni tangu leo samaki wenu wanamaliza pumba baada ya dakika ngapi, mtatuambia.